Kioo Kikiwa Cheusi, Washa Tochi

Zima taa ya chumbani, vuta pazia, kisha washa ile laptopu iliyoingia giza. Ipe muda mpaka usikie feni inazunguka au uone kitaa chake cha pembeni kinawaka. Sasa chukua tochi ya simu, isogeze karibu na kioo, uiinamishe ili mwanga uingie kwa ubavu, na uitembeze polepole kutoka kona moja hadi nyingine. Usikitazame kioo kwa mbele tu, inama ukitazame kwa pembeni pia. Ukiona chini ya ule mduara wa mwanga kivuli cha sehemu ya kuandikia nywila, au tarehe na saa, au mshale unaosogea unapogusa padi, basi hali yako ni nafuu kuliko ulivyoambiwa. Picha ipo. Kilichopotea ni mwanga wa kuionyesha.

Kipimo hiki hakigharimu hata senti na kila mwenye simu anaweza kukifanya nyumbani. Hata hivyo, wengi wanaopanda ngazi za jengo letu hapa Kariakoo wanafika wakiwa wameshakubali moyoni kwamba watanunua kioo kizima. Mimi ni fundi wa laptopu, na katika kazi zote zinazowekwa mezani kwangu naipenda zaidi hii ya mwanga uliopotea. Mwanga una njia yake ndani ya mashine: unaanzia kwenye umeme wa chaja na betri, unapita kwenye bodi, unapanda kwa kebo kupitia bawaba, unaishia kwenye vitaa vidogo vilivyofichwa nyuma ya kioo. Njia hiyo ukiifuata kwa utaratibu, lazima itakufikisha mahali ilipokatika. Na nasema wazi kwamba inaniuma kuona mtu anatoa hela ya ada ya mtoto kubadili kitu ambacho hakikuwa na kosa.

Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Mbagala alikuja mwishoni mwa muhula, begi kalikumbatia kifuani. Alama za kidato kizima zilikuwa ndani ya mashine ile na hakuwa na nakala popote.

"Dada fundi, wameniambia kioo kimekufa. We nitajie bei tu."

"Mwalimu, karibu ukae kwanza. Bei tutaizungumza tukishajua kinachoumwa."

Nikawasha mashine, nikampa tochi aishike mwenyewe. Aliinama, akaisogeza mkono ukitetemeka kidogo, na mara akaanza kusoma kwa sauti majina ya wanafunzi wake, moja baada ya jingine, jedwali likiwa limetulia pale pale alipoliacha. "Kumbe wamo!" Walikuwamo wote. Diski ilikuwa salama, bodi ilikuwa inafanya kazi, na kioo chenyewe kilikuwa kinachora kila herufi kama kawaida. Kilichokuwa kimeungua nitakieleza kikifika mahali pake, maana siku ile nacho kilisubiri zamu yake.

Ili uelewe kwa nini picha inaweza kuwepo bila kuonekana, lazima ujue kwamba kioo cha laptopu nyingi hakitoi mwanga wake chenyewe. Ndani yake kuna tabaka jembamba la kimiminika chenye tabia ya fuwele. Dutu ya aina hiyo iligunduliwa mwaka 1888 na mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, akiwa Prague. Alikuwa akiipasha moto dutu iliyotokana na kolesteroli ya karoti, akaona inayeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145.5 inageuka ute wenye ukungu, kwenye nyuzi 178.5 inakuwa angavu. Ilipita miaka 80 hivi kabla ya kundi la George Heilmeier, katika kampuni ya RCA ya Marekani, kuutangazia ulimwengu mwaka 1968 kwamba ute wa namna hiyo unaweza kuonyesha maandishi na picha.

Kazi ya ute huo ni kupitisha mwanga au kuuzuia. Kila nukta ya kioo chako ni kama kipande cha dirisha la luva: umeme kidogo unakigeuza, kikilala mwanga unapita, kikisimama unazuiwa. Luva zinaweza kufunguka na kufunga kwa utaratibu kamili usiku kucha, lakini nje pakiwa na giza, aliye ndani hataona kitu. Tochi yako inafanya kazi ya jua la kuazima. Mwanga wake unaingia kwa mbele, unagonga karatasi nyeupe iliyo nyuma ya kioo, unarudi kupitia luva zile zile, nawe unaona picha hafifu.

Hiyo karatasi nyeupe ni mwanzo tu wa vilivyomo huko nyuma. Juu yake limelala bamba la plastiki angavu, na juu ya bamba kuna karatasi mbili tatu laini za kusambaza mwanga, nyororo kiasi kwamba alama ya kidole kimoja haifutiki vizuri. Kwenye ukingo wa bamba, mara nyingi ule wa chini, umebandikwa mkanda mwembamba wenye vitaa vya LED kwa makumi. Vitaa vinamulika ndani ya bamba kupitia ukingo wake. Mwanga unakimbia ndani ya plastiki mpaka ugonge vinukta vidogo vilivyochapwa upande wa nyuma, na hapo ndipo unapotawanyika na kutoka kuelekea kwako. Vinukta vimepangwa kwa hesabu: karibu na taa ni vichache, mbali na taa ni vingi, ili juu na chini pawe na mwanga sawa. Kila nikilitoa bamba hilo hulielekeza dirishani nilitazame kidogo kabla ya kuendelea na kazi. Ni kitu kilichofikiriwa vizuri sana, na wenye laptopu wengi wataimiliki mpaka ife bila kujua kwamba kimo humo.

Vitaa vyenyewe vina historia ambayo si ya zamani. Taa nyeupe ya LED, kwa kawaida, ni taa ya buluu iliyofunikwa kwa unga wa njano. Buluu ikichanganyika na njano jicho linaona weupe. LED nyekundu na za kijani zilikuwepo kwa miaka mingi, ila buluu yenye nguvu iliwashinda watu. Ilipatikana Japani, ambako Shuji Nakamura alionyesha LED ya buluu yenye mwanga mkali mwaka 1993. Mwaka 2014 yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia kwa kazi hiyo. Laptopu za kabla ya mwaka 2010 hivi nyingi zilitumia bomba jembamba la mwanga, ndugu mdogo wa zile taa ndefu za dukani, na bomba hilo linahitaji umeme wa mamia ya volti. Umeme huo unatengenezwa na bodi ndogo ndefu na nyembamba inayoitwa inveta, iliyowekwa chini ya kioo.

Mashine za bomba bado zinaletwa kwangu, hasa na wazee waliozitunza vizuri, na zenyewe zina dalili zake. Kioo kikiwaka kwa rangi ya waridi na kuchukua muda kupata weupe, bomba limechoka. Kikiwaka sekunde mbili kisha kikazima, na ukiongeza mwangaza kinazima upesi zaidi, anza kushuku inveta au bomba. Wakati mwingine utasikia mvumo mdogo upande wa chini. Usiguse inveta mashine ikiwa imewashwa, na bomba likivunjika fungua madirisha na usipanguse kwa mkono mtupu, kwa sababu ndani yake kuna zebaki.

Turudi kwa laptopu ya siku hizi. Umeshaiona picha kwa tochi. Kabla hujatafuta bisibisi, kuna mambo ya kufanya ukiwa umekaa kitini, na mengine yamewaponya wateja wangu bila kufungua hata skrubu moja. Bonyeza kitufe cha kuongeza mwangaza, kile chenye alama ya jua, pamoja na kitufe cha Fn ikihitajika, maana mwangaza ukishushwa mpaka mwisho baadhi ya mashine huzima taa kabisa. Kisha zima mashine, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, urudishe umeme, uwashe tena. Mashine inayoamka vibaya kutoka usingizini mara nyingi hurudi kwenye akili zake kwa njia hiyo.

Halafu itazame inavyowaka. Taa zikiwaka pale mwanzoni, nembo ya kampuni ikaonekana vizuri, kisha giza likaja Windows ikianza kupakia, vifaa vyako ni vizima na tatizo liko kwenye programu, hasa draiva ya picha. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya awali, ule mafundi tunauita bayosi, kwa kubonyeza F2 au F10 au Delete kulingana na mashine, ukae humo dakika kadhaa. Mwanga ukitulia humo, usikubali mtu akuuzie kioo.

Sumaku nayo inawasumbua watu bila wao kujua. Laptopu inajua umefunga mfuniko kwa sababu ya sumaku ndogo iliyomo kwenye fremu ya kioo na kihisi kilichomo chini ya kibodi. Sumaku ikikaribia kihisi, taa zinazimwa au mashine inalala. Mama mmoja wa Temeke, mshonaji wa magauni, alikuja na laptopu inayoingia giza kila akiiweka mezani kwake ili apakue mishono. Dukani kwangu ikawaka vizuri, akaona aibu.

"Mwanangu, naapa nyumbani haiwaki hivi."

"Nakuamini, mama. Pini zako za kushonea unaziwekaga wapi?"

Anaziweka kwenye kisahani cha sumaku, kisahani anakiweka kulia kwa laptopu, kikiwa kimegusana nayo. Nikachukua sumaku ndogo niliyoitoa kwenye spika mbovu, nikaiburuza taratibu pembeni mwa sehemu ya kuegemeza kiganja. Karibu na kona ya mbele kioo kikawa cheusi. Nikaiondoa, mwanga ukarudi. Akaijaribu mwenyewe, akacheka mpaka akashika kiti. Kasha la simu lenye kifunga cha sumaku linaweza kuleta shida hiyo hiyo, na bangili ya sumaku vilevile.

Jambo jingine kabla ya kufungua mashine ni waya wa HDMI na televisheni. Picha ikitokea kwenye televisheni, sehemu ya bodi inayochora picha ni nzima, na hapo hapo unaweza kunakili kazi zako kwenye flashi. Ninawasihi watu wafanye hivyo kabla ya kuniletea mashine. Picha isipotokea, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kisha ubadili uchaguzi kwa mishale. Na kama laptopu yako ni ya kioo cha OLED, tochi haitakusaidia, kwa sababu kila nukta ya kioo hicho inawaka yenyewe na hakina taa za nyuma.

Sasa shika mfuniko kwa vidole viwili, uufungue na kuufunga taratibu huku unatazama. Mwanga ukija kwenye pembe fulani ukapotea kwenye nyingine, umemkamata mkosaji: ni kebo inayopita kwenye bawaba. Kebo hiyo inakunjwa kila unapofungua mashine, na bawaba ikilegea au ikivunja plastiki yake, nyaya zinabanwa mpaka zikatike mmoja mmoja. Waya wa taa unaweza kukatika wakati zile za picha zingali nzima, ndiyo maana unaona kivuli bila mwanga. Na haya hayazipati mashine za bei rahisi tu. Kwenye MacBook Pro za inchi 13 zilizotoka mwaka 2016, taa za nyuma zilianza kuonyesha miali isiyo sawa upande wa chini wa kioo, na nyingine zikazimika kabisa; mafundi waliozifungua walikuta nyaya bapa nyembamba zimechakaa kwa kufunguliwa na kufungwa. Mei 2019 Apple ilitangaza kuzitengeneza bure zilizoathirika. Kwenye laptopu nyingine nyingi kebo ni spea inayojitegemea, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na kioo. Namba yake imechapwa kwenye kijilebo cha kebo yenyewe. Ipige picha uende nayo dukani, usiende na jina la laptopu tu.

Kebo ya mwalimu ilikuwa nzima. Tukafungua mashine.

Hapa naomba nisikilizwe vizuri na wale wanaojifunzia nyumbani. Betri inachomolewa kwanza, kabla ya kugusa kebo ya kioo. Kuzima mashine hakutoshi, kwa sababu umeme wa betri unaweza kubaki kwenye baadhi ya njia hata mashine ikiwa imezimwa. Katika soketi ya pini 30 ya mfumo wa eDP, ambayo utaikuta kwenye laptopu nyingi za miaka ya karibuni, pini za 26 hadi 29 ndizo zinazobeba umeme wa taa, ambao kwa kawaida unatoka moja kwa moja kwenye njia kuu ya mashine: volti 12 hivi ikiwa kwenye betri, hadi 19 ikiwa kwenye chaja. Pini za 18 hadi 21 ni za kurudishia umeme huo. Kebo ikiingizwa kimshazari wakati umeme upo, pini zisizopaswa kukutana zinakutana, na kitu lazima kiungue. Ukiwa na bahati, kitakachoungua ni fyuzi.

Nikamuuliza mwalimu kama mashine iliwahi kufunguliwa. Iliwahi, bawaba ilikazwa mahali fulani wiki chache nyuma, na giza lilianza siku ile ile. Nikaweka miwani ya kukuza, nikaufuata mkondo kutoka kwenye soketi ya kioo. Sentimita chache tu kutoka hapo kulikuwa na kijiwe cheupe kisichofika milimita mbili, pembeni yake pamechapwa herufi F na namba. Nikaweka mita kwenye mlio, sindano moja ncha hii, nyingine ncha ile. Kimya. Nikagusisha sindano zenyewe kwa zenyewe ili mwalimu asikie mlio unavyotakiwa kuwa, kisha nikarudi kwenye fyuzi. Kimya tena.

"Ndiyo hiyo tu?" akauliza.

"Ndiyo hiyo. Lakini sijaibadili bado."

Fyuzi haiungui bila sababu, na fundi anayeibadili bila kutafuta sababu anamtuma mteja nyumbani na tatizo lake. Nikapima upande wa pili wa fyuzi, ule unaoelekea kwenye kioo, kama umegusana na njia ya kurudishia umeme. Haukuwa umegusana. Nikapima kebo peke yake, nikaisafisha soketi kwa spiriti na brashi, nikaona pini moja imeinama kidogo, nikainyoosha kwa ncha ya sindano. Hapo ndipo nikachomelea fyuzi mpya ya kiwango kile kile cha ampea. Wapo wanaofunika fyuzi iliyoungua kwa tone la risasi ili umeme upite. Taa zitawaka, ndiyo, na mteja ataondoka akishukuru. Siku kebo itakapobanwa tena hakutakuwa na kitu cha kujitoa mhanga, na kitakachoungua ni njia ya shaba ndani ya bodi, ikibidi na kioo. Kufanya hivyo ni kumhatarisha mtu aliyekuamini na mali yake. Fyuzi yenyewe haifiki bei ya sahani ya wali maharage.

Mwanga ukarudi. Mwalimu alinakili alama zote kwenye flashi mbili kabla hata sijafunga skrubu.

Si kila mara jibu linapatikana kwenye fyuzi ya bodi. Fyuzi ikiwa nzima na volti zikifika pini ya 26, natazama pini ya 22, ambayo ndiyo amri ya kuwasha taa, na ya 23, inayobeba midundo ya kupunguza na kuongeza mwangaza. Zote zikiwa na ishara yake, bodi imetimiza wajibu na ugonjwa uko kwenye kioo. Amri ikikosekana, narudi kwenye kihisi cha mfuniko, programu ya bayosi au chipu inayotoa amri. Pini za 26 hadi 29 zikiwa tupu na fyuzi ni nzima, kazi inahamia ndani zaidi ya bodi na hapo ni vizuri kumwachia mwenye michoro yake.

Kioo nacho kina bodi yake nyembamba, chini kwa nyuma, chini ya utando wa plastiki, na mara nyingi nayo ina fyuzi ya taa. Watu wengi hawaipimi kabisa. Karibu nayo kuna chipu inayopandisha volti, kwa sababu kila kitaa cheupe kinahitaji volti 3 hivi na vimeunganishwa kwa mstari. Vitaa kumi kwa mstari mmoja vinataka kama volti 30. Kitaa kimoja kikikatika, mstari wake mzima unalala, na chipu nyingi zikihisi hivyo zinazima kila kitu kwa usalama. Hewa ya pwani yetu inachangia: unyevu wenye chumvi ukiingia kwenye bodi hiyo, utaona ukijani kwenye miguu ya chipu. Nimewahi kuufuta ukijani huo kwa spiriti na mwanga ukarudi, ingawa siahidi mtu matokeo hayo.

Mkanda wa LED unabadilika. Ila utalazimika kulifungua kasha la kioo, kutenganisha zile karatasi laini, na kuzirudisha bila vumbi, na Kariakoo vumbi haliombwi kuja. Chembe moja ikiingia utaiona kila siku kama kidoa katikati ya maandishi. Kwa laptopu ya kawaida ya inchi 15.6 huwa namshauri mteja anunue kioo, na hapo sioni vibaya kukitaja, kwa sababu tumefika huko kwa kupima.

Ukifika hapo, soma lebo ya nyuma ya kioo cha zamani. Kampuni iliyoandikwa kwenye mfuniko wa laptopu yako kwa kawaida haikutengeneza kioo hicho. Namba inayoanza na B156 ni ya AU Optronics, N156 ni ya Innolux, LP156 ni ya LG Display, na hiyo 156 ni inchi 15.6. Kioo cha mtengenezaji mmoja mara nyingi kinaweza kukaa mahali pa kingine, mradi nukta zilingane, 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080, soketi iwe ya pini zile zile na upande ule ule, na masikio ya skrubu yawe mahali pake. Kioo cha zamani cha LED chenye pini 40 kinatumia mfumo mwingine kabisa na hakikutani na cha eDP cha pini 30, hata muuzaji akikuambia kitaingia tu. Na usilipe kabla hujakiona kimewashwa mbele yako: mwombe aweke picha nyeupe tupu utafute vivuli, kisha nyeusi tupu utafute mwanga unaovuja kingoni.

Kuna wanaofika mwisho wa hesabu wakaona kioo kinazidi thamani ya mashine. Hao nawaambia wasiitupe. Wenye steshenari za kuchapa na kutoa kopi wanazinunua mashine hizi na kuziunganisha na skrini ya mezani, nazo zinafanya kazi miaka. Ukiamua kufanya hivyo, nenda kwenye mipangilio ya umeme uiambie isilale mfuniko ukifungwa. Kama taa zilizimika kwa sababu ya kebo iliyobanwa, mwambie fundi aichomoe kebo hiyo kwenye bodi, asiiache ikining'inia na umeme ndani. Na uuache mfuniko wazi kidogo, maana laptopu nyingi zinatoa joto kupitia kibodi na nafasi ya bawaba.